Volvo ya Zamani: Kagua Bati Kwanza, Injini Baadaye

Muulize anayetafuta gari la kizamani kwa nini ameing'ang'ania Volvo, na mara nyingi atakujibu kwa neno moja: usalama. Hajakosea. Mwaka 1959 kiwanda hicho cha Göteborg, Uswidi, kilianza kufunga mkanda wa pointi tatu kwenye viti vya mbele vya magari yake ya kawaida, si ya mashindano wala ya maonyesho. Aliyeubuni ni mhandisi Nils Bohlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa Saab akishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege iliyoharibika. Volvo iliacha hataza ya mkanda huo wazi, viwanda vingine vikautumia, na mkanda unaoukatiza kifuani leo kwenye Toyota au Nissan yako ni wa ukoo huohuo.

Shida ni kwamba sifa haikaguliki kwa macho, na muuzaji anajua hivyo. Gari unaloonyeshwa lina miaka 35, pengine 60. Nyingi hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS, na za zamani zaidi hazina hata pa kuegemeza kichwa. Kilichoifanya Volvo iwe salama kuliko wenzake wa enzi zake kilikuwa namna bodi ilivyojengwa, mahali mikanda ilipofungwa na breki zilizopangwa vizuri. Vyote vitatu huharibika. Bati likishaliwa na kutu, usalama umekwenda zake na jina limebaki kwenye grili. Ndiyo maana nashauri ukaguzi uende kinyume na muuzaji anavyotaka: yeye atafungua boneti kwanza na kukuwashia injini, wewe omba jeki.

Ipi ya kutafuta

Kabla ya jeki, jua unachokitafuta. PV444 na ndugu yake PV544, zile za mgongo wa duara, zilitengenezwa kuanzia 1947 hadi 1965. Hapa kwetu PV544 ina heshima ya pekee: ndilo gari ambalo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na mdogo wake Jaswant walishindia mbio za Safari mwaka 1965. Halikuwa jipya. Lilikuwa gari la timu ya kiwanda lililotumika mwaka uliotangulia, nao wakalinunua na kulitengeneza upya. Kama kuna mnunuzi wa Volvo iliyotumika aliyefaidi pesa yake, ni huyo. Ila kwa mtu wa kawaida PV ni gari la mapenzi. Zilizotangulia 1961 zina umeme wa volti 6, taa zake ni hafifu, na kuendesha usiku kwenye barabara yenye malori ni jambo la kufikiria mara mbili.

Amazon ndiyo wengi wanayoiota. Ilitengenezwa 1956 hadi 1970, zaidi ya magari 667,000, kwa umbo la milango miwili, minne na la familia lenye buti refu. Dashibodi yake ilifunikwa sponji kwa juu ili kichwa kisigonge chuma. Injini ya B18 iliyoingia mwaka 1961, na B20 iliyoifuata, ni chuma cha kuaminika ambacho fundi yeyote aliyewahi kurekebisha kabureta mbili atakielewa siku hiyohiyo. Ukiipata yenye bodi nzima, huna haja ya kuendelea kusoma orodha.

P1800 ni lile gari la michezo aliloendesha Roger Moore katika tamthilia ya The Saint. Mmarekani Irv Gordon alinunua ya kwake mwaka 1966 akaiendesha zaidi ya maili milioni 3, yaani karibu kilomita milioni 4.8, rekodi ya dunia kwa mmiliki mmoja. Habari hiyo huwalewesha wanunuzi. Inachothibitisha ni uimara wa injini, na injini ya P1800 ni ileile ya Amazon, spea zake si ghali. Kinachofilisi ni bodi: vioo, nikeli, taa na mabati yake ni ya gari hilo peke yake, na vizingiti vya chini ya milango vimejengwa kwa tabaka kadhaa za bati. Kutu huanzia tabaka la ndani, na ukiiona nje ujue ndani kumebaki unga.

Familia ya 140 ya mwaka 1966 huwa inasahaulika, na hapo ndipo bei nzuri inapopatikana. Ina diski magurudumu yote manne na breki za njia mbili, zilizopangwa hivi kwamba njia moja ikipasuka bado una magurudumu matatu yanayosimama. Kisha 240, lile sanduku lenye pembe lililotengenezwa 1974 hadi 1993, zaidi ya magari milioni 2.8. Sina aibu kusema hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, japo watu wa maonyesho wanalidharau.

Chini ya gari

Vaa nguo za kazi. Beba tochi, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, na bisibisi yenye mpini mgumu. Nenda mchana, gari likiwa kavu, maana maji huficha mikunjo ya bati na rangi mbaya hung'aa kama nzuri.

Anza na sehemu za kuwekea jeki. Inua gari hapo, polepole, ukisikiliza. Bati zima linatulia. Bati bovu hulia, hujikunja, au jeki huzama huku gari likibaki pale pale. Likizama, ukaguzi umeisha na umeokoa siku nzima, kwa sababu sehemu hizo zimeungana na vizingiti, na vizingiti ndivyo vinavyobeba gari zima pale linapogongwa ubavuni.

Kama limesimama imara, liwekee stendi (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake) kisha fuata vizingiti kwa kidole gumba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Bonyeza kwa nguvu. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma hujibu kwa mlio mkali, puti hujibu kwa sauti ya kufa. Sumaku ikikataa kushika mahali pa upana wa kiganja, hapo pamejazwa puti au faiba. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari lililobaki limechakaa ni dalili ya kuficha kitu. Muulize muuzaji kwa nini alipaka chini akaacha juu.

Kwenye Amazon, angalia pia kuzunguka taa kubwa za mbele, ndani ya mudigadi pale zinapokutana na ukuta wa injini, sakafu chini ya mazulia, na kitako cha buti ambapo tairi la akiba linakaa. Ng'oa zulia. Muuzaji akisema limegundishwa, mwambie utalirudisha wewe mwenyewe. Kwenye 240 fuata chini ya kioo cha mbele, chini ya betri, matao ya magurudumu ya nyuma na mifuko ya pembeni ndani ya buti, ambamo maji ya mvua hutuama bila mwenye gari kujua.

Gari lilikoishi lina maana kuliko kilomita zake. Ulaya ya kaskazini hutia chumvi barabarani wakati wa baridi, nayo hula bati kimyakimya. Pwani yetu ina upepo wa bahari unaofanya kazi hiyohiyo mwaka mzima, hivyo gari lililolala miaka Mombasa, Tanga au Unguja likaguliwe kwa jicho kali zaidi ya lile lililokuwa Nakuru au Iringa. Na kama unanunua ukiwa Ulaya, kuna mtego wa kisheria: Uingereza magari mengi yaliyopita miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, na Uswidi yaliyopita miaka 50. Msamaha huo ni mzuri kwa mfuko wa mwenye gari, lakini maana yake ni kwamba huenda hakuna mkaguzi aliyechungulia chini yake kwa muda mrefu. Omba karatasi ya ukaguzi wa hiari. Kama hakuna, mlipe fundi wa kujitegemea alipandishe kwenye mashine.

Mikanda, breki, matairi

Hapa watu hupita haraka, nami nakuomba usimame. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake. Kagua kingo kama zimechanika nyuzi, mishono kama imekatika, na rangi kama imepauka. Jua la huku kwetu huunguza utepe hadi ukakauka. Ile ya kujikunja, ivute ghafla: lazima ishike papo hapo. Kisha tafuta bolti zilipofungwa, kwenye nguzo ya mlango na sakafuni karibu na handaki la giaboksi. Mkanda mpya uliofungwa kwenye bati bovu utang'oka siku ya ajali pamoja na kipande cha sakafu. Mkanda ambao umewahi kufunga mtu kwenye ajali kubwa ubadilishwe hata kama unaonekana mzima.

Ukiwa na watoto, jiulize watakaa wapi. Magari ya miaka ya 1960 mengi hayana mikanda ya nyuma kabisa. Inawezekana kuiongeza, lakini ifungwe na fundi anayejua pa kuchimba na pa kuimarisha, na kiti cha mtoto kisifungwe kwa kamba wala kwa mkanda wa tumboni ulioazimwa kwenye gari jingine. Kama huwezi kulifanya hilo, gari liwe la safari za watu wazima.

Breki za PV na za Amazon nyingi ni za njia moja. Mpira mmoja ukipasuka, pedali inafika sakafuni na huna breki mguuni, una ya mkono tu. Kwa hiyo mipira yote ya breki ibadilishwe mara tu baada ya kununua, usisubiri. Mipira ya zamani huvimba kwa ndani ilhali nje inaonekana salama, na dalili yake ni gari kuvuta upande mmoja au gurudumu kubaki limeshikwa baada ya kuachia pedali. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hewani. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei.

Matairi usiyaangalie kashata peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kwa mfano, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Gari la kizamani hutembea kidogo, hivyo tairi huzeeka likiwa na kashata zake zote. Nimeona Volvo iliyopakwa rangi ya thamani kubwa ikisimama juu ya matairi yenye nyufa unazoweza kuingiza ukucha.

Injini, kwa kifupi

Kwa kifupi kwa sababu hapa Volvo inajitetea yenyewe. Kwenye B18 na B20 sikiliza kugonga kwa chini na tazama moshi wa bluu baada ya kuachia mafuta ukiteremka mlima. Gia inayoendesha kemushafti ilitengenezwa kwa malighafi laini ya nyuzi ili isipige kelele. Hukatika meno baada ya miaka mingi, na wapo wanaoweka ya chuma na kuvumilia mlio. Uliza pia kama silinda hedi imewekewa viti vigumu vya vavu. Injini hizi zilizaliwa zama za petroli yenye risasi, na Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Gari la matembezi ya Jumapili halitaumia haraka, la safari ndefu litaumia.

Kwenye 240 yenye silinda nne kuna kipimo cha bei ya chai. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua mfuniko wa kujazia oili na uvalishe tundu hilo glavu nyembamba ya mpira, ile ya hospitali. Ikinywea, vizuri. Ikivimba kama mkono unaopunga, hewa ya ndani haina pa kutokea. Mara nyingi kilichoziba ni kichujio kidogo cha plastiki cha bei ndogo, lakini kama kimezibwa kwa miaka, oili imeshajitafutia njia kupitia sili. Kama kichujio ni safi na bado glavu inavimba, ringi zimechoka, na bei ishuke.

Zile 240 zilizotengenezwa takriban 1980 hadi 1987 zina ugonjwa wa nyaya za injini: ganda la juu hukauka na kumeguka ukiligusa, shaba ikabaki uchi. Kunja waya mmoja karibu na injini uone. Kilomita usiziamini, kwa kuwa kigurudumu kidogo cha plastiki ndani ya mita hukatika na tarakimu zikasimama miaka huku gari likiendelea na safari. Ukiwa kwenye majaribio, angalia kama zinasogea. Injini za V6 na za dizeli nashauri uziache. Huku kwetu utatafuta spea zake hadi uchoke.

Karatasi na mipaka

Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ile iliyo kwenye kadi ya gari, au logibuku kwa walio Kenya, herufi kwa herufi. Hakiki jina la mmiliki kwa mamlaka ya mapato (TRA) ukiwa Tanzania au mamlaka ya usafiri (NTSA) ukiwa Kenya kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Kuna jambo linalowakuta wengi: gari lililoingizwa na mwanadiplomasia au mtaalamu wa mradi kwa msamaha wa kodi. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na anayedaiwa mwisho wa siku ni aliye na gari. Omba ushahidi kwamba ililipwa.

Kuagiza kutoka nje ni hadithi nyingine. Kenya haipokei magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu gari likizidi umri uliowekwa. Sheria hizi hubadilika na misamaha ya magari ya kihistoria huombwa kwa maandishi, kwa hiyo jibu la dalali lisikutoshe. Pata barua ya mamlaka yenyewe kabla gari halijapakiwa melini. Na usukani: nchi zetu tatu zinaendesha kushoto, ilhali Volvo nyingi za Uswidi zina usukani wa kushoto. Ajabu ni kwamba Waswidi walikuwa nazo hivyo hata walipokuwa wakiendesha upande wa kushoto, hadi walipohamia kulia tarehe 3 Septemba 1967. Usukani wa kulia utaupata Uingereza kwa urahisi zaidi. Msomaji aliye Kigali, Bujumbura au Bukavu, ambako huendeshwa kulia, soko la Uswidi linakufaa.

Kwa sababu hizo zote, gari bora kwa aliye Nairobi au Arusha ni lile ambalo tayari liko nchini na lina namba. Pa kuanzia kuuliza ni maonyesho ya Concours d'Elegance yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, si kwa ajili ya kununua siku hiyo bali kwa kuwajua wenye magari na mafundi wao. Fundi atakayelihudumia apatikane kabla ya gari. Bima nayo uliza mapema: kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huo, na inayokubali iandike thamani mliyokubaliana, la sivyo likigongwa utalipwa bei ya chuma chakavu.

Bei igawanye mara mbili kabla hujaikubali: ya gari, na ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa kwanza ibebe mipira ya breki, matairi, mikanda, mipira ya radieta na usafirishaji wa spea. Spea za magari haya bado zinatengenezwa Ulaya na kuuzwa kwa posta, lakini nauli ya kipande kizito hupita bei ya kipande chenyewe, kwa hiyo agiza kwa mkupuo.

Ukiniuliza ninunue nini kwa pesa yangu: kwa anayetaka gari la kuendesha kila wiki, 240 ya silinda nne ya kuanzia 1988, yenye nyaya nzima na matao yasiyo na puti, hata kama rangi imefifia. Kwa anayetaka gari la kupendeza na ana karakana, Amazon ya katikati ya miaka ya 1960, yenye diski mbele. P1800 mwachie mwenye pesa ya kununua gari hilo mara mbili. Na muuzaji yeyote atakayekataa gari liinuliwe, mshukuru kwa muda wake uondoke.